Gari la paa la kuinua: mambo ya kujua kabla hujapewa ufunguo

Arusha, gari la kufungua paa ni la kazi. Ni Land Cruiser iliyorefushwa kwenye gereji za hapa mjini, viti vya wageni nyuma, na paa linaloinuka ili wasimame wapige picha bila kushuka. Ukiajiriwa kampuni ya utalii ndilo utakalopewa. Anayetoka kwenye Noah au Coaster hudhani tofauti ni ukubwa tu. Tofauti iko nyuma: kuna mtu amesimama, vidole vyake viko kwenye ukingo wa paa, na haoni mguu wako ukienda kwenye klachi. Kuwasha, kuondoka, kushika breki na kuegesha, vyote hufanywa kwa kumfikiria huyo.

Kuwasha

Kabla hujafungua mlango, chungulia chini ya gari. Doa jeusi chini ya injini ni oili. Maji yenye rangi ni ya radieta. Unyevu upande wa ndani wa tairi mara nyingi ni mafuta ya breki, na gari lenye doa hilo haliondoki hata kama wageni wameshapanga mabegi. Oili na maji hupimwa injini imepoa na gari liko sehemu tambarare. Yadi yenye mteremko inadanganya dipstiki.

Magari mengi ya kazi hii bado yana injini ya 1HZ: dizeli, lita 4.2, silinda 6, haina turbo. Inawashwa kwa hita plagi, yaani plagi zinazopasha chumba moto kabla dizeli haijaingia. Geuza ufunguo hadi ON, subiri taa ya njano yenye alama ya koili izime, ndipo upige stata. Mchana kwenye joto hutasubiri hata kidogo. Alfajiri ya Julai hapa mjini, karibu mita 1,400 juu ya bahari, utasubiri kidogo zaidi, na ukilala kwenye kingo za Ngorongoro, mita 2,300 hivi, usifanye haraka kabisa. Anayepiga stata kabla taa haijazima hupata moshi mweupe na injini inayotetemeka, kisha anailaumu pampu.

Breki ya mkono juu, gia niutro, klachi chini. Stata isizidi sekunde 10. Ikikataa, pumzisha nusu dakika ndipo urudie, kwa sababu stata inachemka haraka na betri inashuka haraka zaidi. Usikanyage resi wakati wa kuwasha. Taa ya oili ikiendelea kuwaka sekunde chache baada ya injini kushika, zima. Taa ya T-BELT ni habari nyingine: inawaka kilomita za kubadilisha mkanda wa taimingi zikitimia. Hutazima gari njiani kwa ajili yake, lakini usirudi na kukaa kimya, maana mkanda huo ukikatika unaharibu injini nzima.

Kuhusu kubusti betri: baadhi ya Land Cruiser za dizeli zina betri mbili zinazopiga stata kwa volti 24, nyingine zina betri mbili lakini volti 12, ya pili ikiwa ya friji na chaja za kamera. Kwa macho zinafanana. Fuata nyaya: chanya ya betri moja ikienda kwenye hasi ya nyingine, hiyo ni 24. Ukiunganisha gari la 12 na la 24 kwa pupa utaunguza oltaneta ya mtu. Uliza ofisini siku ya kwanza, uandike kwenye karatasi ukae nayo.

Paa

Paa linainuliwa gari likiwa limesimama. Breki ya mkono imevutwa, sehemu ni tambarare, na hakuna tawi juu. Fungua lachi zote kwanza, yaani vifungio vya paa, mbele na nyuma, uzihesabu kwa mkono, kisha inueni watu wawili, kila mmoja upande wake, kwa kasi moja. Dereva anayeinua peke yake upande mmoja analipinda paa. Mara ya kwanza hutaona kitu, baada ya mwezi lachi ya kona moja haifiki tena mahali pake na mpira unaanza kupitisha maji. Likifika juu, hakikisha kila mguu umeingia kwenye kufuli lake au pini imepita. Vuta chini kidogo kwa kiganja. Likicheza, halijafunga.

Paa likianza kushuka lenyewe, mikono ya gesi inayolishikilia juu imechoka. Watu wengine hulisimamisha kwa kipande cha mti. Tuta moja tu na kipande kinaruka, na paa lote linaangukia vichwa vya watu. Funga paa, endelea na madirisha, utengeneze ukirudi.

Kufunga ndiko kunakoumiza vidole. Wageni wote wakae kwanza, mikono mapajani, na uwaone kwa macho, usitegemee jibu la “ndiyo”. Watoto ndio wa kuangaliwa zaidi, wanapenda kuning'inia. Shusheni taratibu pande zote mbili, funga lachi, halafu sukuma paa kwa kiganja juu ya kila lachi. Kwenye barabara ya vumbi mtikisiko unalegeza lachi zenyewe, kwa hiyo kabla ya kupanda lami zikague tena. Lachi za mbele zikiwa wazi kwenye kasi ya 80, upepo unaingia chini ya ukingo na kulinyanyua paa lote. Bawaba hupasuka, na paa la faiba linaweza kuchanika hadi katikati.

Mpira wa paa unataka maji na kitambaa, kisha silikoni kidogo. Usiupake grisi wala dizeli ili “ulainike”. Mafuta hayo yanauvimbisha na vumbi linaganda juu yake.

Sheria ya kusimama ni fupi. Kwenye lami paa limefungwa, wote wamekaa na mikanda imefungwa, hata kama ni kutoka Mto wa Mbu hadi lango la Manyara tu. Ndani ya hifadhi wanaweza kusimama gari likiwa limesimama au linatambaa. Kikomo cha mwendo Serengeti ni kilomita 50 kwa saa, lakini hiyo ni kwa watu waliokaa. Watu sita waliosimama wanahamisha uzito kwenda juu; kona ambayo jana ulipita vizuri leo italiinamisha gari.

Kabla ya kuondoka sema kwa sauti, “Shikeni, tunaondoka,” kisha subiri. Washike bomba la ndani la kushikia, si ukingo wa paa. Achia klachi polepole kwenye gia ya kwanza. Kusimama vilevile: punguza mapema. Breki ya ghafla inamtupa mgeni kifua kwenye chuma, na kamera yake inakwenda kwenye kioo. Ndani ya Manyara na kando ya Mto Tarangire uwe wa kwanza kuona matawi. Miba ya migunga iko sawasawa na usawa wa macho ya aliyesimama.

Kuegesha

Hapa ndipo wapya wengi hawafundishwi. Breki ya mkono ya gari hili inashika magurudumu ya nyuma peke yake. Ukiacha gari kwenye gia, fowili (magurudumu yote manne kuvuta) ikiwa haijaunganishwa, injini nayo inashika hayo hayo ya nyuma. Kwenye changarawe au nyasi zenye umande, na uzito wa wageni wakihama kutoka upande mmoja kwenda mwingine, magurudumu mawili hayatoshi.

Kosa baya zaidi liko kwenye kijiti kidogo cha transfa, kile cha kuweka fowili. Kina H2 (magurudumu mawili), H4 (yote manne), N (niutro) na L4 (manne, gia nzito). Kikikaa N, injini imeachana kabisa na magurudumu. Gia ya kwanza uliyoweka haifanyi chochote, inakupa amani ya uongo. Kwa hiyo mpangilio kwenye mteremko ni huu: simama kwa breki ya mguu, vuta ya mkono hadi mwisho, hakikisha transfa haiko N, weka gia ya kwanza kama pua inatazama mlima au rivasi kama inatazama bonde, zima, halafu achia breki ya mguu pole pole usikilize kama gari linasogea. Ukiwa kwenye mteremko mkali wa udongo, funga kufuli za habu za mbele (zinazounganisha magurudumu ya mbele na ekseli) na uweke H4 au L4, ili injini ishike magurudumu yote manne. Ongeza kabari au jiwe.

Pua ikitazama chini, kata usukani kushoto kuelekea ukingo. Pua ikitazama juu na kuna ukingo wa zege, kata kulia ili tairi liegemee ukingo gari likirudi. Pasipo na ukingo, kata kushoto, likiteleza liingie pembeni badala ya barabarani.

Baada ya kuvuka maji au tope, ngoma za breki za nyuma zimelowa na breki ya mkono ni dhaifu hata ukiivuta juu. Endesha polepole huku ukigusa breki ya mguu mara kadhaa zikauke, ndipo uegeshe.

Mjini shida ni urefu. Paa lililosahaulika juu linagonga boriti ya geti, kibanda cha sheli, matawi ya jakaranda. Wengi wanaovunja paa hulivunja wakitoka kuliosha, si porini.

Kwa wanyama, egesha pua ikiwa upande wa kutokea, na uache nafasi ya kupita tembo kati ya gari lako na la mwenzako. Tembo aliyezibiwa njia hana njia nyingine ila kupitia kwako. Ukizima injini karibu na simba, jiulize kwanza friji na chaja zimekuwa zikinyonya betri kwa muda gani. Chomoa vitu vyote kabla ya kuzima.

Kwenye vituo vya kupumzika funga paa na madirisha hata kwa dakika 5 za kwenda chooni. Nyani wa Loduare, lango la kuingilia Ngorongoro, wanajua magari haya kuliko wewe. Wanaingia juu, wanachukua boksi la chakula, na wanaacha uchafu kwenye viti. Ngoitokitok, kituo cha kupumzikia ndani ya kreta ya Ngorongoro, ni mwewe: wanachukua kipande cha kuku mkononi mwa mgeni, na kucha zinachana ngozi. Waambie wale ndani ya gari.

Mteremko, fowili na vumbi

Kutoka Karatu kushuka Mto wa Mbu, na zaidi barabara ya Seneto ya kushuka kreta, gari linashikwa na gia. Kwenye lami ile, gia ya tatu. Seneto, fowili, L4 gia ya pili au ya kwanza, breki ya mguu kwa kugusa tu. Ukiishikilia, inachemka, unasikia harufu, kisha pedali inazama. Kuna madereva wanaoachia niutro au hata kuzima injini wapate mafuta. Busta ya breki inategemea pampu inayozungushwa na injini. Ukizima, unabaki na mikanyago michache laini, baada ya hapo pedali inakuwa ngumu, na usukani nao unakuwa mzito. Hizo lita mbili za dizeli waache nazo.

Fowili ya gari hili haina difu ya katikati, ile inayoruhusu ekseli mbili zizunguke kwa kasi tofauti. Ukiiacha H4 kwenye lami kavu, ekseli ya mbele na ya nyuma zinavutana kila kona, gari linagoma kukata, na mwisho giaboksi ya transfa inalia. Funga habu zote mbili kabla hujaingia kwenye tope, si ukiwa umeshazama. H2 kwenda H4 unaweza kubadili ukiwa unatembea moja kwa moja, habu zikiwa zimefungwa. Kwenda L4 simama kabisa, klachi chini.

Baada ya Loduare kwenda Naabi, lango la Serengeti, vumbi linaingia kupitia nyuma, si mbele. Gari likikimbia, hewa nyuma yake inakuwa nyepesi na inavuta vumbi kupitia kila upenyo. Funga paa na madirisha ya nyuma, washa feni ya kuingiza hewa safi ya mbele kwa nguvu, ili hewa ya ndani isukume kuelekea nje. Gari la mbele liache mbali hadi vumbi lake lipungue. Tarangire kuna mbung'o, na wanafuata rangi ya bluu iliyoiva na nyeusi. Paa wazi ukiwa unatembea pole pole kwenye vichaka ni karamu yao, kwa hiyo fungua ukifika kwa mnyama.

Duma akiruka juu ya boneti au paa, usilifunge paa akiwa juu yake na usiruhusu mtu kunyoosha mkono wala kusimama. Wote wakae, kimya, hadi ashuke mwenyewe.

Ukirudi yadini

Gari likiwa limelowa, egesha mahali pasipo na mti, inua paa, fungua madirisha likauke kabla ya kulifunga. Ukifunga likiwa na maji, sponji ya dari inaoza na lachi zinashika kutu. Injini ya 1HZ unaweza kuzima mara moja. Ya turbo iache iungurume dakika moja au mbili, hasa ikiwa imetoka kupanda mlima. Swichi ya betri ya friji OFF. Andika kwenye daftari la gari kila lachi iliyolegea na upande iliko: “nyuma kushoto”, si “paa lina shida”.