Mbona wanazichoma nyasi za ndege?

SWALI: Karibu na ninapoishi, magharibi mwa Minnesota, kuna uwanja wa nyasi ndefu wenye kibao cha jimbo: hifadhi ya wanyamapori, wazi kwa umma. Mwaka jana niliwaona humo fezanti, wale ndege wa jamii ya kwale wenye mikia mirefu. Aprili hii wamekuja watu wakauchoma. Tena msimu ukifika wawindaji wanaingia. Hifadhi gani hiyo?
Dada msomaji, Minnesota

JIBU: Dada yangu, mara ya kwanza kuuona moto huo niliumia kama wewe. Nilisimama barabarani nikiamini viota vyote vimeteketea. Julai nikarudi. Nyasi zilikuwa zimenifika kiunoni, maua ya zambarau na ya njano yamechanganyika humo, na panzi wakirukaruka kila nilipokanyaga.

Panzi hao ndio jibu langu. Kifaranga wa fezanti, majuma yake ya kwanza, chakula chake hasa ni wadudu. Nyasi zikizeeka na kulaliana, maua hupotea, wadudu hupungua, na kifaranga hapati hata pa kupenya. Moto huondoa tandiko hilo, tena huua miche ya miti, maana mti mmoja katikati ya nyasi unatosha kuwa kituo cha mwewe. Huchomwa mapema, kabla majike wengi hawajaatamia, na huchomwa kipande tu. Kipande cha jirani huachwa kwa ajili ya viota.

Kiota chenyewe kiko chini kabisa. Jike hulalia mayai kama siku 23 na mara nyingi hang'oki hata mashine ikimkaribia. Kwenye mashamba ya majani ya ng'ombe, ukataji wa Juni humkuta papo hapo. Huo uwanja wako unamkinga na mashine hizo. Minnesota ilianza kununua ardhi ya namna hii mwaka 1951, na sasa ina hifadhi zaidi ya 1,400. Nyasi za asili za jimbo hilo zilizosalia hazifiki asilimia 2 ya zilizokuwepo zamani, kwa hiyo mimi siwezi kuuita uwanja huo pori lililotelekezwa.

Kuhusu wawindaji, hapo huruhusiwa kupiga jogoo tu, na jogoo mmoja hupanda majike wengi. Fedha za hifadhi nazo zinatoka kwao kwa sehemu kubwa: sheria ya Pittman-Robertson ya mwaka 1937 huweka kodi ya asilimia 11 kwenye bunduki ndefu na risasi, na serikali kuu huweza kulipa hadi asilimia 75 ya gharama za mradi wa jimbo. Mimi siwindi, lakini nawashukuru.

Nenda tena Januari, baada ya theluji nzito. Usihangaike na nyasi, zitakuwa zimefunikwa. Fuata matete mazito ya bwawani, upande usiopigwa na upepo, uangalie chini: utaona nyayo za fezanti, za vidole vitatu, zinazoingia na kutoka.