Kumpima mbunge kwa kura zake bungeni

Ndugu, nimekuelewa. Umeona mbunge wenu huko Uingereza hana kura katika miswada kadhaa ya afya na makazi, na unataka kumwandikia kwa hasira. Subiri kidogo.

Bunge lile halihesabu kura ya kutounga mkono upande wowote. Wabunge hupiga kura kwa kupita mlango wa ndiyo au wa hapana; asiyepita wowote haonekani tu, awe safarini, awe amegoma, au awe amepatana na mwenzake wa chama pinzani kwamba wote wawili wasipige. Kwa hiyo pengo hilo pekee halikuambii kitu.

Usiishie kwenye muhtasari wa kura zake. Fungua Hansadi, kumbukumbu rasmi za bunge, ya siku husika uone kilichopigiwa kura ni muswada mzima au kifungu kimoja. Niliwahi kumlaumu mbunge kwa "kupinga makazi", kumbe alikataa marekebisho yaliyoudhoofisha muswada. Iliniuma sana.

Mimi huanza na kura huru, zile ambazo wanadhimu wa vyama, wanaosimamia nidhamu ya wabunge wao, hawatoi amri. Muswada wa kuwasaidia kufa wagonjwa wasio na tumaini la kupona ulipata 330 kwa 275 Novemba 2024, kisha 314 kwa 291 Juni 2025. Tafuta jina la mbunge wako katika orodha zote mbili. Kama alibadilika, soma alichosema.

Halafu mwandikie, taja tarehe na muswada, umwulize sababu. Ukitaka kutangaza hadharani kwamba amehongwa, muone mwanasheria kwanza. Kesi ya kashfa inaweza kukufilisi.