Muulize Fundi: Bili ya maji imepanda, wapangaji wanasema sio wao

SWALI: Fundi mwangaluka. Mi nina nyumba ya wapangaji huku Isevya, Tabora, vyumba sita mita moja. Kwenye mkutano wa mtaa tuliambiwa mamlaka ya maji ina mpango wa kubana matumizi, tusimwagilie bustani kwa mpira, tusioshe gari bomba likitiririka, tukiona bomba limepasuka turipoti. Wapangaji nikawaambia, wote wakaitikia, lakini bili imekuja kubwa kuliko ya mwezi wa nyuma na kila mtu anasema sio yeye. Niwafungie bomba la nje? – Mama mwenye nyumba

JIBU: Mwangaluka mama, usifunge chochote kwanza, utagombana na watu bure. Yuniti moja ni lita 1,000, yaani ndoo 50 za lita 20, sasa mpangaji gani atabeba ndoo hamsini za ziada hapo uani usimuone? Ila choo cha kuflashi kinameza hizo taratibu wala husikii kitu.

Usiku wakishalala nenda kwenye mita. Kabla ya hapo funga koki inayopeleka maji kwenye simtanki, hii watu wengi wanaisahau afu wakiona mita inazunguka wanasema mbovu kumbe tanki linajaa. Tazama kile kigurudumu kidogo kwenye uso wa mita, mabomba yote yakiwa yamefungwa na bado kinatembea ujue maji yanatoka mahali. Andika namba, alfajiri soma tena kabla hajaamka mtu. Na uchague siku maji yapo, sio siku yanarudi toka kwenye mgao, manake yanakuja yanasukuma upepo na mita nyingine huo upepo tu unazizungusha.

Ukikuta maji yanavuja anza chooni. Koroga bluu ya kufulia kidogo, mimina kwenye tanki la choo, usiflashi kama robo saa hivi. Bluu ikishuka kwenye sinki la choo ni raba ya ndani imeisha, na hapo zinapotea mamia ya lita kwa siku. Halafu boya la simtanki, lile linalofunga maji tanki likijaa, likague hata kama mita imetulia maana koki yake uliifunga: usiku watu hawatumii maji, presha inapanda, boya bovu linaachia maji yanamwagika kwa bomba la juu mpaka asubuhi, ukiona nyasi za kijani chini ya mnara wa tanki wakati kwingine kote kumekauka basi jibu unalo. Bomba linalodondosha tone kila sekunde nalo ni kama ndoo nzima kwa siku, badilisha tu wosha, kile kiraba cha ndani ya bomba.

Mita ikiwa imetulia usiku kucha ndo urudi kwa watu. Gawa bili kwa vichwa, sio kwa vyumba, mwenye watoto wanne na kapera hawawezi kulipa sawa, na anayepika chakula cha biashara alipe zaidi, mkubaliane mbele ya wenzake wote. Ukiweza weka mita ndogo kila chumba, mkutano wa kila mwezi wa kugombania bili utaisha wenyewe.

SWALI: Maji ya Ziwa Victoria si yameshafika Tabora, tunabana nini tena? – Kijana wa Ng'ambo

JIBU: Yamefika ndio, na zamani tulikuwa tunategemea mabwawa ya Igombe na Kazima mvua ikigoma tunajua wenyewe. Lakini hayo maji hayaji kwa mteremko tu kijana wangu, yanavutwa kwa pampu za umeme toka Ihelele kule Misungwi, yanapita Shinyanga na Nzega, kila lita ina umeme na dawa ndani yake. Bomba likipasuka mtaani kwenu piga simu siku hiyohiyo, usisubiri mjumbe.

SWALI: Maji ya mvua yanasaidia kweli au ni kujisumbua? – Ipuli

JIBU: Sana tu. Milimita 1 ya mvua kwenye mita mraba 1 ya bati ni lita 1. Bati la mita mraba 50, mvua ya milimita 10, hesabu lita 400 baada ya zinazopotea. Huku mvua zinaanza Novemba, weka gata la kukinga maji ya bati Oktoba. Mvua za kwanza ziache zioshe vumbi na kinyesi cha ndege, ukishaanza kukinga weka neti mdomoni mwa pipa mbu wasitagie humo, na maji yenyewe ni ya kufulia, kudekia na chooni, ya kunywa chemsha.