Panya wanakufa ghalani: niweke sumu?

SWALI: Shikamoo, daktari. Mimi ni mkulima wa mahindi wilayani Mbozi. Wiki hii nimeokota panya watano waliokufa ghalani, nami sikuweka sumu yoyote. Mwanangu amefundishwa shuleni kwamba bakteria wa tauni hutoka kwa panya, kwa hiyo nimenunua sumu sokoni niwamalize waliobaki. Je, niiweke leo?

JIBU: Marahaba. Usiiweke. Panya hufa kwa sababu nyingi, na vifo vitano havithibitishi tauni. Hata hivyo, panya wakifa bila sumu, mwarifu afisa afya wa kata siku hiyohiyo.

Swali hili huniijia kila baada ya mavuno, na karibu kila anayeniuliza humwona panya kuwa ndiye adui. Panya huugua tauni na kufa kama sisi. Anayeutoa ugonjwa kwake na kutuletea ni kiroboto. Daktari Mfaransa Paul-Louis Simond alilionyesha hilo mwaka 1898, miaka minne baada ya mtafiti Alexandre Yersin kumtambua bakteria mwenyewe huko Hong Kong. Watafiti waliofuata wakaeleza inavyotokea: bakteria huzaliana ndani ya kiroboto, hushikamana kwa utando unaonata na kuziba njia ya chakula, hata damu anayoinyonya isifike tumboni. Kwa njaa hiyo huuma tena na tena, na kila anapouma huitapika damu yenye bakteria ndani ya jeraha.

Maabara, tukimchana manyoya panya aliyekufa punde juu ya beseni jeupe lenye maji, viroboto huanguka kama mbegu za mchicha. Mzoga ukishapoa tunaambulia wachache, kwa kuwa kiroboto huuhama mwili wa baridi na kutafuta wenye joto. Sasa fikiria panya kumi wakifia darini usiku mmoja kwa sumu yako, na watoto wamelala chini yake.

Ndiyo maana siwavumilii wanaopita minadani na vipaza sauti wakiuza vichupa visivyo na lebo, eti dawa yao inakomesha tauni. Penye tauni, viroboto huuawa kwanza kwa dawa inayopulizwa nyumbani na mashimoni mwa panya, na panya hufuata baadaye, chini ya usimamizi wa watu wa afya. Anayekuuzia njia ya mkato anauza hatari. Vivyo hivyo kwa anayechanja mitoki (uvimbe wa tezi) kwa wembe, na kwa muuza dawa anayetoa amoksilini kwa kila homa: tauni hutibiwa kwa dawa kama streptomaisini, gentamaisini au doksisaiklini, na ikiingia mapafuni bila tiba huua ndani ya siku chache.

Mizoga mingine usiishike kwa mkono mtupu. Kwa kuwa hiyo mitano umekwisha kuiokota, hesabu siku saba. Ukipata homa kali, au uvimbe wenye maumivu kinenani, kwapani au shingoni, nenda hospitali mara moja, na habari ya panya iwe ya kwanza kumwambia daktari.