Kabla ya kupamba, jifunze kupima: kwa mnaoanza kazi ya uhalisia pepe

Vijana wengi wanaoingia kwenye kazi ya uhalisia pepe (VR), yaani kutengeneza dunia ya kompyuta ambayo mtu huiingia kwa kuvaa miwani maalumu, huanzia kwenye injini ya gemu, yaani programu ya kutengenezea michezo ya kompyuta. Wanapakua Unity au Unreal, wanafuata video za mafunzo, na baada ya muda wanaweza kutengeneza chumba chenye mwanga mzuri na milango inayofunguka. Ni mwanzo mzuri. Lakini mteja mwenye kazi ya maana, awe makumbusho, mkandarasi wa majengo au chuo cha ufundi, mara nyingi hahitaji chumba cha kubuni. Anataka jengo lake, mashine yake, uwanja wake, na anataka vipimo viwe vya kweli ili fundi akijifunzia humo asiende kukosea kazini. Ndiyo maana nawaambia wote ninaowafundisha: somea ujenzi wa uhalisia pepe na upimaji kwa njia ya mwanga, yaani kwa picha na leza, kwa pamoja. Ukilazimika kutanguliza kimoja, tanguliza upimaji.

Miwani yenyewe ni chombo cha kupimia. Kamera ndogo zilizo mbele yake hutafuta kona na alama za vitu chumbani, zikalinganisha picha hii na iliyotangulia, zikachanganya na vihisi vya mwendo, na kwa hesabu hiyo programu inajua kichwa chako kiko wapi na kimeelekea wapi. Ndani yake kila jicho lina picha yake. Mwingereza Charles Wheatstone alishaonyesha mwaka 1838 kwamba picha mbili bapa zinazotofautiana kidogo zinatosha kuufanya ubongo uone kina. Macho mawili na kitu kinachotazamwa ni kona tatu za pembetatu moja, na mpimaji anatumia pembetatu hiyohiyo akitokea upande wa pili: anazo picha mbili, anatafuta umbali. Ielewe pembetatu hiyo kwa karatasi na penseli kabla hujagusa programu yoyote. Itakueleza kwa nini dunia ya ndani ya miwani huonekana ndogo kama nyumba ya wanasesere pale nafasi kati ya kamera mbili za programu (zinazochora picha ya kila jicho) inapozidi nafasi kati ya mboni za macho, ambayo kwa mtu mzima ni wastani wa milimita 63 hivi. Itakueleza pia kwa nini kosa la kina hukua kwa mraba wa umbali. Jozi ya kamera inayokosea milimita 2 kitu kikiwa mita 1, kikiwa mita 2 itakosea kama milimita 8, na kikiwa mita 4 itafika milimita 32. Anayejua hilo hasogei mbali na ukuta bila sababu.

Upimaji wa picha ni fani ya zamani. Mwaka 1858 msanifu majengo Mjerumani, Albrecht Meydenbauer, alikuwa akipima kanisa kuu la Wetzlar na nusura aanguke kutoka juu. Akawaza: kwa nini nisipige picha, kisha nipime juu ya picha? Jina la fotogrametria, yaani upimaji kwa picha, likachapishwa mwaka 1867. Wewe una simu mfukoni, na programu kama COLMAP na Meshroom, zinazogeuza picha kuwa modeli ya pande tatu, na CloudCompare, inayolinganisha modeli, ni za bure. Kwa hiyo ukosefu wa skana ya leza ya mamilioni ya shilingi usikuzuie kuanza wiki hii.

Anza na kitu kilichotulia: mlango wa kuchonga, kipande cha ukuta wa mawe ya matumbawe, jiwe kubwa. Zuia kamera isijibadilishie fokasi wala mwanga, na usivute picha karibu kwa kidole. Tembea kukizunguka kitu, hatua fupifupi, kila picha ishirikiane na jirani yake kwa asilimia 70 hadi 80. Kusimama mahali pamoja huku ukigeuza simu tu hakukupi pembetatu yoyote. Chagua siku ya mawingu au saa ya kivuli. Ukuta wa matumbawe utakupa matokeo mazuri kwa sababu kila tundu na kila doa lake ni alama ambayo programu inaweza kuishika. Ukuta uliopakwa chokaa juzi, kioo, bati jipya na maji vitakusumbua, kwa kuwa havina alama au vinarudisha sura za vitu vingine.

Sasa nije kwenye jambo ninalolipa uzito kuliko yote. Picha peke yake hazijui ukubwa wa kitu. Msikiti na sanamu ya msikiti inayokaa mezani vinaweza kutoa modeli ileile. Lazima wewe uingize kipimo. Weka alama zako kwenye eneo kabla ya kupiga picha, pima umbali kati yake kwa futi kamba nzuri au kwa totali stesheni (chombo cha wapima ardhi cha kupimia pembe na umbali), andika kwenye daftari papo hapo. Halafu, na hapa ndipo wanaoanza huruka, zigawe alama hizo mafungu mawili. Fungu la kwanza litumie kuipa modeli ukubwa. Fungu la pili lifiche. Programu isilione kabisa mpaka mwisho. Modeli ikikamilika, pima umbali huo uliofichwa ndani ya modeli na ulinganishe na daftari. Tofauti utakayoipata ndiyo usahihi wa kazi yako. Ile namba ndogo ya kosa inayoandikwa na programu yenyewe inaonyesha jinsi picha zinavyokubaliana zenyewe kwa zenyewe, na picha zinaweza kukubaliana vizuri sana juu ya ukuta uliopinda. Kupinda huko hutokea hasa ukipiga safu ndefu iliyonyooka kwa lenzi ambayo kalibresheni yake, yaani hesabu ya makosa yake, ni mbovu. Hivyo chapisha ubao wa miraba myeusi na myeupe, ubandike juu ya kitu kisichopinda, na ujifunze kupata makosa ya lenzi kwa njia aliyoichapisha Zhengyou Zhang mwaka 2000. Maktaba ya programu iitwayo OpenCV inayo tayari.

Ukitaka kuona kwa nini kazi hii inastahili umakini wote huo, tazama Kasubi, Kampala. Makaburi ya Makabaka (wafalme) wanne wa Buganda yalipimwa kwa leza mwaka 2009 na wataalamu walioshirikiana na CyArk, shirika linalohifadhi turathi kwa vipimo vya kidijitali. Tarehe 16 Machi 2010 moto uliteketeza jumba kuu, Muzibu Azaala Mpanga. Vipimo vilivyochukuliwa kabla ya moto vilibaki. Kwenye pwani yetu, mradi wa Zamani wa Chuo Kikuu cha Cape Town umepima magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara kwa skana na picha. Mtu anayevalishwa miwani na kuingizwa ndani ya Msikiti Mkuu wa Kilwa anaamini urefu wa nguzo anazoziona. Imani hiyo tumeibeba sisi.

Kuna mtego mmoja unaowapata hasa watu wa ukanda huu, na video nyingi za mafunzo hazitaugusa kwa sababu zimetengenezwa mbali. Wapima ardhi wetu watakupa wingu la nukta, yaani nukta nyingi zilizopimwa za eneo, lenye kuratibu za UTM, mfumo wa ramani unaotaja kila mahali kwa mita za mashariki na za kaskazini. Kusini mwa ikweta, namba za kaskazini huhesabiwa kuanzia 10,000,000 pale ikweta zikishuka kuelekea kusini, hivyo Kilwa inaangukia zaidi kidogo ya mita milioni 9, Dar es Salaam kwenye milioni 9.2, na Nairobi karibu milioni 9.9. Injini nyingi za gemu huhifadhi nukta za modeli kwa namba za biti 32. Namba za aina hiyo, zikishavuka 8,388,608, haziwezi tena kubeba sehemu ya desimali: zinaruka kwa mita nzima. Tanzania Bara yote iko juu ya mpaka huo. Matokeo yake ukuta uliopimwa kwa milimita unaingia kwenye injini umekatikakatika kama ngazi, na kijana anaanza kulaumu skana. Dawa ni nyepesi: kabla ya kuhamisha, chagua nukta moja ya eneo lako, toa kuratibu zake kutoka kwenye nukta zote, na uandike namba ulizotoa kwenye faili litakalokaa pamoja na modeli daima. Wakati huohuo kagua vizio na mhimili wa juu. Unity huhesabu kwa mita na Y ndiyo juu. Unreal kwa sentimita, na juu ni Z.

Baada ya hapo inakuja kazi ya kupunguza. Miwani ya herezi 72, yaani inayoonyesha picha 72 kwa sekunde, inakupa kama milisekunde 13.9 kuchora fremu moja kwa macho yote mawili. Ya herezi 90 inakupa 11.1. Ukichelewa, picha inakatika na mtumiaji anapata kichefuchefu. Uso wa modeli huundwa kwa pembetatu ndogondogo, na modeli ya pembetatu milioni mia haitaingia humo, kwa hiyo utaipunguza, na mikwaruzo midogo ya ukuta utaihamishia kwenye picha inayofunika uso wa modeli. Punguza bila woga, ila kila ukipunguza rudi CloudCompare ulinganishe na modeli ya awali, uone umesogea milimita ngapi na wapi.

Kuhusu vifaa, usijifunge kwa kampuni moja. Kinect, kamera ya kina ya Xbox, iliacha kutengenezwa mwaka 2017, Daydream, mfumo wa miwani ya simu wa Google, ukaachwa 2019, na miwani ya HoloLens 2 ya Microsoft ikafuata 2024. Jifunze OpenXR, kiwango kinachowezesha programu moja kufanya kazi kwenye miwani ya kampuni mbalimbali, ambacho toleo lake la kwanza lilitoka 2019, ili kazi yako ihame na wewe.

Mwanga wetu nao una tabia zake. Umeme wa hapa ni herezi 50, na baadhi ya taa hupepesa mara 100 kwa sekunde. Zikileta mistari kwenye picha, weka kamera ipokee mwanga kwa muda wa sekunde 1/50 au 1/100. Miwani ikipoteza mahali chumbani, angalia kama mpangilio wake wa herezi za taa uko kwenye 50. Usiache miwani dirishani hata dakika chache: lenzi zake hukusanya jua na kuunguza skrini. Na kabla ya kuwasha leza yoyote soma daraja lake la usalama, na hakikisha wanaopita hawapitishi macho mbele yake.

Pale Dar es Salaam, Chuo Kikuu Ardhi kinafundisha upimaji. Hata kama hutasomea huko, tafuta wapima ardhi, omba kwenda nao uwandani, beba tripodi, jifunze pimamaji na daftari lao linavyoandikwa. Kisha kila modeli utakayomkabidhi mteja, iambatanishe na ukurasa mmoja: kifaa kilichotumika, tarehe, alama zilizotumika, alama zilizofichwa, na tofauti ya kila moja, hata ile isiyopendeza.