Shangazi, kidonge cha majira hakishuki kooni, nifanyeje?

*"Shangazi shikamoo. Nina miaka 26, mtoto mmoja wa mwaka na nusu. Kliniki walinipa vidonge vya majira paketi 3 lakini mimi kumeza dawa ni shida toka utotoni, kikifika kwenye koo kinarudi, machozi yananitoka. Siku hizi nakikata nusu, nusu asubuhi nusu usiku, ile ya usiku nafunga kwenye kitambaa naweka kabatini, mara nyingine nasahau. Kikigoma nakinyonya kidogo nakitema. Vile vya kahawia ndo naviogopa zaidi. Mume ananicheka, anasema mtu mzima unashindwaje na kitu kidogo kuliko punje ya hindi. Nisaidie."*

Marahaba mwanangu. Kwanza huyo mume mwambie ameze yeye punje ya hindi mbichi kila siku saa 2 usiku mwezi mzima alafu aje anicheke na mimi. Mi nimekua enzi za klorokwini, tulikuwa tunakimbizwa uani na kijiko cha uji, najua koo likishakariri uchungu linafunga mlango lenyewe kabla hata dawa haijafika. Sio utoto huo.

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe maana hapo kwenye kunyonya na kutema umenitisha. Kidonge kikitemwa hujakimeza, hiyo siku ihesabu umeruka. Na hiyo ya nusu nusu, kukikata sio kosa kubwa, tatizo mwenyewe umesema ile ya usiku unaisahau, kwa hiyo kuna siku mwili umepata nusu dozi tu. Ukikikata basi vipande vyote viwili vishuke muda huo huo.

Kwa hiyo kuanzia leo tumieni kondomu mpaka umeze vidonge vyenye homoni siku 7 mfululizo bila kuruka, na kama mmekutana ndani ya siku 5 hizi na kuna vidonge viwili au zaidi havikuingia vizima, nenda duka la dawa ukaulizie P2, ile dawa ya dharura ya kuzuia mimba, leo leo, inavyochelewa ndo nguvu yake inapungua. Hedhi ikichelewa pima mkojo, usikae unahesabu vidole.

Haya, kumeza. Chukua chupa ya maji ya plastiki, ile laini inayobonyea, ijaze maji mpaka juu. Weka kidonge juu ya ulimi, bana midomo kwenye mdomo wa chupa usiache hewa ipite, alafu vuta maji kwa nguvu kama mtoto anavyovuta ziwa na umeze hapo hapo kwa mkupuo. Chupa itabonyea yenyewe, na wewe akili ikiwa bado iko kwenye kuvuta kidonge kimeshapita. Hii sijaitunga, watafiti wa Chuo Kikuu cha Heidelberg kule Ujerumani waliijaribu kwa watu wazima na wakaitoa mwaka 2014, karibu 6 kati ya 10 walisema dawa inashuka kirahisi kuliko kwa glasi. Fanya mazoezi kwanza na kipande kidogo cha mkate, usianze na dawa.

Ikigoma, saga. Hivi vidonge vya kawaida vya majira havijatengenezwa kuachia dawa polepole kwa hiyo kusagwa havipotezi kazi, ila pitia kwa mfamasia na paketi yako mkononi aione, maana dawa zipo za aina nyingi na zingine hazisagwi kabisa. Kiweke katikati ya vijiko viwili vikavu, bonyeza mpaka kiwe unga, changanya na kijiko KIMOJA cha uji wa vuguvugu au mtindi au ndizi ya kuponda, meza saa hiyo hiyo. Alafu mimina maji kidogo kwenye vile vijiko vyote viwili, suuza na unywe hayo maji, maana unga unaganda pale na huo ndo dozi yako. Usikimwage kwenye bakuli zima la uji, ukishiba nusu umebakiza dawa. Na usikisage leo ukaweka cha kesho.

Ukitapika kabla masaa 3 hayajapita, meza kingine. Ndo maana nakushauri umeze usiku baada ya kula, tumbo likiwa na kitu kichefuchefu kinapungua, weka na alamu kwenye simu.

Kuhusu vile vya kahawia utacheka. Kwenye paketi ya vidonge 28, vile 7 vya kahawia kwa kawaida ni madini ya chuma, havina homoni, vimewekwa usipoteze hesabu. Yaani unavyolia navyo kila mwezi hata usipovimeza hupati mimba kwa ajili hiyo, ila siku 7 zikiisha paketi mpya ianze siku ya 8 bila kuchelewa, hapo ndo wengi wanateleza. Muulize nesi akuoneshe kwenye paketi yako vipi ni vipi.

Na kama baada ya mwezi bado kila usiku ni vita, mwanangu achana navyo. Kuna sindano ya miezi 3, kuna kijiti cha mkononi cha miaka 3 au 5, kuna lupu, hakuna hata kimoja kinachopita kooni. Rudi kliniki useme wazi "mimi nashindwa kumeza", usiseme tu "sijavipenda", watakupimia presha na kukuuliza maswali yao alafu mchague. Ila kama hata ugali au nyama inakukwama, hiyo ni habari nyingine, muone daktari wa koo.

Alafu hizo nusu ulizofunga kwenye kitambaa kabatini, zitoe leo zitupe chooni. Mtoto wa mwaka na nusu anafungua makabati, na yeye kumeza hashindwi.