Edinburgh kwa siku tatu: panda kwa basi, shuka kwa miguu

Ramani ya simu ilisema gesti yetu iko papo hapo tuliposimama. Mimi na mama tulikuwa Edinburgh, mji mkuu wa Scotland, kwenye barabara ya South Bridge, na alama ya gesti ilikuwa kama imewekwa miguuni petu. Tukatazama kushoto, tukatazama kulia, hatuioni. Nikasogea penye upenyo kati ya majengo, nikachungulia ukutani, na ndipo nikaona barabara nyingine nzima chini yetu, yenye watu, magari na mlango wa gesti yetu. Tuliyodhani ni barabara ya kawaida ilikuwa daraja.

Ile ya chini inaitwa Cowgate. Tuliifikia kwa ngazi, mimi na begi la kilo 20, mama amenishika bega, anateremka ngazi moja anapumzika. Kesho yake asubuhi tukazipanda zile zile.

Kwa hiyo kabla hujalipia malazi Edinburgh, usiangalie umbali peke yake. Uliza kama ni juu au chini, na kama ndani kuna lifti, maana nyumba nyingi za zamani hazina. Mji wa kale umejengwa kwenye mgongo wa mlima. Upande wa magharibi iko ngome, juu ya mwamba wa volkano iliyozimika zamani sana, na kutoka hapo mgongo unateremka kuelekea mashariki hadi kasri la Holyroodhouse. Mtaa unaoufuata mgongo huo ndio Royal Mile. Kila upande vinachomoka vichochoro vyembamba, vingine vya ngazi tupu. Ukiwa umezoea vya Mji Mkongwe, Unguja, utajisikia nyumbani, ila hivi vinakwenda kwa mteremko. Kaskazini, bondeni, ndiko kiliko kituo cha treni cha Waverley, na ng'ambo yake ndiyo New Town, iliyopangwa mwaka 1767 kwa mitaa iliyonyooka. Sisi safari ijayo tutalala huko.

Ukishaelewa umbo hilo, ratiba inajipanga yenyewe: anzia juu, malizia chini. Pale Hanover Street panda basi namba 23 au 27, likupandishe mlimani, kisha tembea kidogo hadi ngomeni. Kwenye basi unagusa kadi yako ya benki tu. Tumia kadi hiyo hiyo siku nzima. Tiketi ya ngome nunua mapema mtandaoni, kwa sababu majira ya joto huisha, na getini bei ni kubwa zaidi. Ukiwa na mzee kama niliyekuwa naye, mwulize mhudumu kuhusu kigari cha kuwapandisha wasioweza kutembea vizuri, maana hata humo ndani ni mlima na mawe.

Fika mapema uwepo saa saba kamili mchana. Muda huo hupigwa mzinga kila siku isipokuwa Jumapili, Ijumaa Kuu na Krismasi. Mama nilimwambia mara tatu, na bado ulipolia alinikamata mkono na kusema, "La ilaha illallah!" Mzinga huu ulianza 1861 kwa ajili ya mabaharia. Tangu 1852 walikuwa wakitazama mpira mkubwa unaoshuka muda huo huo mlingotini, kwenye kilima cha Calton Hill, ili warekebishe saa zao, lakini ukungu ukitanda mpira hauonekani. Mlio unapenya ukungu.

Kutoka hapo shukeni polepole na Royal Mile. Kanisa la St Giles' halina kiingilio, ukitaka unachangia. Makumbusho ya Taifa ya Chambers Street nayo ni bure, na mvua ikikukuta hakuna mahali pazuri kuliko pale. Humo yumo Dolly, yule kondoo aliyezaliwa 1996 kutokana na seli ya kondoo mwingine, na juu ya paa kuna baraza ya kutazamia mji.

Karibu na makumbusho hayo kuna mahali ambapo Mtanzania hapaswi kupapita bila kusimama. Julius Nyerere alisoma Chuo Kikuu cha Edinburgh kuanzia 1949, akapata shahada yake ya M.A. mwaka 1952, ndipo akarudi nyumbani kufundisha Pugu. Nilimpeleka mama kwenye jengo la Old College, pale pale South Bridge. Unapita chini ya tao unatokea uani. Mama amekua akimsikiliza Mwalimu redioni. Alisimama kimya, kisha akauliza, "Mwanangu, alipita mlango huu?" Nikamwambia siwezi kuapa kwamba ni huu, lakini chuo ndicho hiki. Akavua glovu akaweka kiganja ukutani, kwenye jiwe baridi. Nilikuwa nimepanga dakika kumi, tukakaa karibu saa nzima. Kutoka hapo hadi msikiti wa Potterrow si mbali, na aliswali Adhuhuri huko.

Mlima wa Arthur's Seat, mita 251, niliupanda peke yangu alfajiri mama akiwa amelala. Una miguu mizuri? Nenda. Huna? Calton Hill inatosha kabisa, ni fupi na unaona bahari na ngome kwa pamoja.

Agosti ni mwezi wa matamasha, yaliyoanza 1947. Mji unajaa na bei za vyumba zinapaa, kwa hiyo kama hukufuata matamasha, chagua Mei au Septemba. Desemba jua linazama kabla ya saa kumi jioni. Mwavuli acha nyumbani, upepo utaugeuza. Chukua koti lenye kofia. Na kwa malazi ya kuanzia 24 Julai 2026, weka kwenye hesabu ushuru wa wageni wa asilimia 5 ya bei ya chumba.

Ukitokea London, treni ya King's Cross inachukua kama saa nne na nusu. Wakati wa kwenda omba kiti cha upande wa kulia, wa kurudi kushoto. Baada ya Newcastle bahari inasogea karibu na reli, na ukifika Berwick unavuka mto juu ya daraja refu la mawe. Mama alikuwa akizungumza na shangazi kwenye simu tulipofika hapo. Alimwambia, "Ngoja kwanza," akaiweka mapajani, akageukia dirishani.